Gédéon Bulaimu na Wanawake Wake Wenye Kofia

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi wenye pikipiki mlioacha kazi yenu leo: tunayemsindikiza ni Gédéon Amani Bulaimu, mwana wa kwanza wa Emilienne na wa marehemu Bulaimu aliyekuwa fundi cherehani. Maisha yake yanasomwa kabla kaburi halijafungwa kwa sababu mengi yamesemwa juu yake tangu alipougua, sokoni, kisimani na hata kwenye chumba cha maombi. Mama yake hataki kugombana na mtu. Anataka tu mwanawe aingie ardhini na jina lake safi, na yale yaliyoonekana kwa macho ndiyo watu warudi nayo nyumbani.

Gédéon alizaliwa Nyangwe, siku ya Ijumaa, tarehe 11 Agosti 1995, nyumbani kwa wazazi wa mama yake. Emilienne alikuwa na miaka kumi na saba na aliogopa kuzaa mbali na mama yake mzazi. Mtoto alikuja mdogo, akalia kidogo, kisha akanyamaza na kuanza kutazama watu. Mama alikesha akiangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka, na tabia hiyo haikumtoka tena. Hata Gédéon alipokuwa na ndevu na mke, Emilienne akipita alipolala mchana alisimama kidogo mlangoni, akaangalia kifua, ndipo akaenda zake. Wakati wa vita familia ilijificha kwenye mashamba ng'ambo ya mto Lualaba. Walirudi nyumbani kwao Kasongo mwaka 2003, Gédéon akiwa na miaka minane na hajakaa darasani hata siku moja.

Alianza shule ya msingi mwaka huo huo, Kasongo, akamaliza mwaka 2009. Alikuwa mkubwa kwa umri lakini mfupi, hivyo hakuna aliyemcheka. Sekondari alifika mwaka wa nne. Baba yake alipofariki mwaka 2013, aliweka madaftari juu ya kabati na hakuyashusha tena. Masomo aliyoyapenda yalikuwa hesabu na kuchora. Lakini mama yake, aliyekuwa akimfuata kwa macho popote, anajua kwamba shule yake nyingine ilikuwa nyumba ya video iliyokuwa nyuma ya soko.

Jumamosi mchana mwenye nyumba ile aliwasha jenereta na kuonyesha filamu za televisheni kutoka Japani. Hakuna aliyesikia Kijapani. Mwenye nyumba alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akawaeleza watoto kwa Kiswahili mambo ambayo pengine aliyabuni mwenyewe. Zilikuwa hadithi za mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake, wamevaa nguo za kubana na kofia ngumu zilizofunika uso mzima. Walipigana na madude yenye pembe, na dude likikaribia kushindwa lilikua likawa kubwa kama kilima. Katika kila kundi la watano kulikuwa na mwanamke mmoja au wawili. Mavazi yao yalikuwa kama ya wenzao, ila waliongezewa sketi fupi.

Watoto wakitoka nje waligawana.

"Miye mwekundu!"

"Miye mweusi!"

"Wewe Gédéon umechelewa. Utakuwa ule mwanamuke wa manjano."

"Sawa," alisema Gédéon. "Lakini mukifungwa na lile dude, musiniite."

Na kila Jumamosi walimwita. Alikuwa ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona: katika zile filamu, wanaume wakinaswa wote, mara nyingi ni yule wa manjano au wa waridi aliyebaki nje, naye ndiye aliyerudi kuwafungua. Kwa hiyo aliacha kuona haya. Akawa anachelewa kwa makusudi, ili abakiziwe nafasi ileile.

Wake wa kwanza, wa plastiki, alimpata mwaka 2010. Mzee Hemedi, ambaye yuko hapa pamoja nasi, alikuwa akiuza mitumba sokoni Kasongo. Marobota yake yalivuka ziwa hadi Kalemie, yakapanda pikipiki na baiskeli kupitia Kabambare, na mara nyingine ndani yake mlikuwa na gunia la michezo ya watoto wa Japani, sanamu ndogo za wale mashujaa. Siku ya kufungua gunia wavulana walijaa. Mashujaa wekundu na weusi waliondoka asubuhi hiyohiyo. Chini ya gunia walibaki wale wenye sketi, wa plastiki laini, urefu wa kiganja, na Mzee Hemedi aliwatumia kuzuia mlango wa duka usipigwe na upepo.

"Mutoto, wanaume wameisha," Mzee Hemedi alimwambia. "Kumebaki wanawake."

"Ndiyo ninaowataka, Baba Hemedi."

"Anayetaka mwanamuke analeta mahari."

Mahari ilikuwa kubeba marobota mawili mgongoni hadi ghalani. Gédéon alirudi nyumbani na mwanamke wa manjano mfukoni, shingo inamuuma, anacheka. Tangu siku hiyo, gunia likifunguliwa Mzee Hemedi aliwatenga wenye sketi bila kuulizwa.

Gédéon alikuwa na namna yake ya kuwatunza. Akimpokea mpya hakuangalia uso kwanza, maana uso hauko, ni kofia tu. Alimpindua akasoma nyayo, ambako wenye kiwanda waliandika mwaka kwa tarakimu ndogo. Kisha aliangalia sketi, mshipi na mikono. Wengi walikuja wamechorwa kalamu na watoto wa huko. Hao aliwapaka dawa ya meno akawaanika juani juu ya bati, na Emilienne akawa mlinzi wao dhidi ya kuku. Aliyekatika mkono alitengenezewa mwingine kutoka kipande cha beseni kuukuu, ukaunganishwa kwa sindano ya moto. Rangi iliyobanduka aliirudisha kwa rangi ya kucha. Alitengeneza rafu kwa mbao za sanduku la sabuni, akawapanga kwa mwaka, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Walipita thelathini. Baba yake, Mungu amrehemu, alimkatia pazia la kuzuia vumbi lisiwaingie.

Mama yake hakuwa na raha. Kijana wa miaka ishirini ana chumba kimejaa wanawake wa plastiki na hakuna hata mmoja wa nyama! Majirani waliuliza wakicheka, na Emilienne alisikiliza kile kicheko kama kina kitu chini yake.

"Gédéon, hawa watakupikia?"

"Hapana, Mama. Lakini hawali pia."

Kazi ya pikipiki aliianza mwaka 2014. Mwanzoni alipeleka watu Nyangwe na kurudi, baadaye Kabambare, na kuanzia mwaka 2016 hadi Salamabila, kwenye dhahabu, akibeba wachimbaji, wachuuzi, mafuta ya mawese, wagonjwa, na mara moja mbuzi aliyevalishwa koti la mvua. Juu ya usukani alimfunga yule wa manjano wa kwanza kwa waya mwembamba, uso mbele. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Abiria waliona mwanamke mdogo mwenye kofia, anatazama barabara bila macho, wakasema ni dawa. Wengine walikataa kupanda. Wengine walikataa pikipiki zote na kumsubiri yeye, hasa akina mama wajawazito, kwa kuwa ilisemekana yule mwanamke haangushi mtu.

Wote aliwajibu vilevile. "Ile ni plastiki, Mama. Dawa ya hii barabara ni kwenda polepole."

Na alikwenda polepole kweli. Wenzake walimtania kwamba konokono wa Kabambare wanampita na kumpungia mkono. Kwenye daraja la magogo alimshusha abiria, akavusha pikipiki kwa kuisukuma, kisha akarudi kumshika abiria mkono. Katika miaka yote ya kazi yake hakuumiza mtu. Emilienne anaweza kulisema hilo kwa sababu kila jioni alisimama kando ya njia akisikiliza. Aliujua mlio wa pikipiki ya mwanawe kabla haijapanda mteremko, na hakuweka chungu motoni mpaka ausikie.

Ndoa yake ililetwa na ile rangi ya kucha. Kabambare, karibu na maegesho ya pikipiki, binti mmoja jina lake Laura aliuza sabuni, vitana na rangi za kucha mezani. Gédéon alinunua ya manjano. Juma lililofuata akanunua ya waridi. Juma la tatu Laura akashindwa kunyamaza.

"Papa, bibi yako iko na kucha ngapi? Kila mara unamaliza chupa!"

"Sina bibi."

"Basi ni wewe unajipaka?"

Gédéon alifungua mfuko wa koti akamwonyesha mwanamke wa waridi ambaye bega lake lilikuwa limetengenezwa nusu. Laura alimchukua, akamgeuza, akasema, "Umeipaka nene. Rangi inapakwa mara mbili, nyembamba." Kisha akakaa akampaka bega mwenyewe, wateja wakisubiri. Gédéon alimsimulia mama yake habari hiyo jioni, na Emilienne, aliyeshika mwiko, aliuliza jambo moja tu: huyo binti ana wazazi?

Wazazi walikuwa wamefariki. Laura alilelewa na nyanya yake, ambaye wote wanamwita Koko Sifa, naye yuko hapa kwenye kiti cha mbele. Desturi yetu inajulikana: kabla binti hajatolewa, wazee wake wanakuja kuiona nyumba atakayolala. Koko Sifa alifika Kasongo mwezi Machi 2017, akapokewa na Emilienne pamoja na Jean-Marie, baba mdogo wa Gédéon, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba katika mazungumzo yote. Koko alikunywa maji, akainuka, akasogeza pazia la rafu.

"Hawa ni nani?"

"Ni michezo yake, Koko," alisema Jean-Marie.

"Sikuuliza ni nini, niliuliza ni nani. Wamesimama kwa chumba cha mwanaume, wamevaa vizuri, wanaangalia kitanda. Miye niko muzee. Bibi wa mutu nikimwona ninamujua."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Mulisema mujukuu wangu anaingia nyumba tupu. Kumbe anakuja kuwa wa mwisho! Mutalipa jogoo, juu ya kunificha bibi wakubwa."

"Koko, bibi gani hawa? Hawana hata mudomo!"

"Ndiyo bibi wazuri hao. Wako wewe iko na mudomo, unapumzika?"

Hapo Jean-Marie alishindwa, kwa maana mke wake alikuwa mlangoni anacheka kuliko wote. Alitoa jogoo mwekundu. Jogoo wa namna hiyo hupikwa siku ileile na pande zote mbili hula, na firigisi anapewa yule aliyelipa. Akiila, amekubali kosa na neno limekwisha. Jean-Marie aliila mbele ya watu. Tangu siku hiyo Koko Sifa akija Kasongo hakumsalimu mtu kabla hajafika kwenye rafu. "Bibi wakubwa, hamujambo? Huyu wa mwisho anawaheshimu?"

Laura na Gédéon walifunga ndoa kanisani Kasongo, Jumamosi tarehe 17 Juni 2017. Binti yao, Estelle, alizaliwa tarehe 9 Mei 2018. Estelle alijifunza rangi kwenye ile rafu. Alipoanza kutembea aliruhusiwa kuwashika, lakini mmoja mmoja, na mikono iwe imenawa. Wakigombana na Laura kwa jambo dogo, Gédéon alisimama mbele ya rafu akasema kwa sauti, "Bibi wakubwa, niteteeni." Laura alijibu kutoka jikoni kwamba wamekataa. Nyumba ile ilikuwa na kicheko. Emilienne alikaa nje anachambua mchele, akisikia, na kwa mara ya kwanza tangu azae alianza kulala usiku kucha.

Ugonjwa ulimwanza Novemba 2023. Mwanzo ulikuwa uchovu, halafu macho kuwa ya manjano, halafu tumbo kuvimba wakati mikono inakonda. Mama yake ndiye aliyeuona wa kwanza. Mlio wa pikipiki ulipofika mteremkoni ulisimama katikati, Gédéon akapumzika, ndipo akapanda. Hospitalini Kasongo daktari alimweleza Emilienne taratibu: ini la mwanawe limeharibika kwa virusi vilivyokaa mwilini miaka mingi, pengine tangu utoto, na maji ya tumboni yanatokana na hilo. Emilienne alirudi kesho yake akauliza tena, asije akawa amesikia vibaya. Daktari akarudia yaleyale. Laura na Estelle walipimwa. Hawana ugonjwa huo.

Lakini tumbo la mtu aliyekonda linaongelewa kabla daktari hajafungua kinywa. Ilisemekana wale wanawake wanamla. Kwamba kila alipoleta mmoja aliahidi kitu. Kwamba asiyekuwa na uso hana huruma. Watu wa chumba cha maombi walikuja kwa nia njema, wakamwombea, kisha wakasema sanamu zichomwe zote ili mgonjwa apone. Gédéon aliwasikiliza kwa adabu. Aliwaambia ni michezo ya watoto, imetoka kiwandani, mwaka umeandikwa chini ya mguu, wapindue waone. Hakuna aliyekubali kumshika mmoja ampindue. Baba mdogo Jean-Marie aliogopa sana, kwa sababu alimpenda kama mwanawe, na mtu anayeogopa hutafuta kitu cha kufanya.

Walipoondoka Gédéon alimwita mama yake karibu.

"Mama, miye nikienda, watawachoma."

"Nyamaza, utapona."

"Sikiliza kwanza. Si juu ya plastiki. Estelle akiona baba yake amechomewa vitu mbele ya watu, atakua akijua baba yake alikuwa mubaya. Na batoto wenzake watamwambia kila siku. Wasiwachome, Mama."

Emilienne aliahidi. Tangu saa ile ahadi ilimkaa kifuani kama jiwe la kusagia. Yeye si mtu wa kusema mbele ya wazee, hajui kubishana na walioshika Biblia, na shule yake iliishia darasa la nne. Alipika, akafua, akageuza mgonjwa ubavu, na wakati wote alikuwa anajiuliza atafanyaje.

Gédéon alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nane mchana. Laura alikuwa ameshika mkono wake wa kulia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia kifua. Gédéon alikuwa na miaka thelathini.

Na sasa yasemwe ya jana, kwa sababu wengi mliyaona nusu tu. Jana asubuhi uwanja wa matanga ulipojaa, baba mdogo Jean-Marie alileta beseni kubwa la bati na chupa ya petroli, pamoja na watu wawili wa chumba cha maombi. Aliingia ndani, akatoka na rafu nzima mikononi, pazia bado linaning'inia. Laura, aliyekuwa kwenye mkeka, aliinua uso tu. Mjane haruhusiwi kusimama. Estelle alikuwa mapajani mwake. Emilienne alisimama. Alifika mbele ya shemeji yake. Aliweka mkono juu ya rafu, basi. Jean-Marie alimwambia polepole, machozi yakimtoka, "Mama Gédéon, niache nimalize hii kazi. Nyumba isafike."

Ndipo zikasikika pikipiki. Wenzake Gédéon wa pikipiki walikuwa wamekwenda Kabambare kumchukua Koko Sifa, nao walimleta amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, amefungwa shuka kiunoni asianguke. Tunajua nyanya wa mke ni mtani wa nyumba, naye ana ruhusa ya kupiga kelele hata msibani. Koko aliingia anapiga kelele.

"Wako wapi? Wako wapi bibi wakubwa? Nimekuja kuwapa pole, sijaona hata mumoja kwa mukeka! Nani amewaficha?" Akaona rafu, akaona beseni, akanusa. "Hii petroli ni ya nini, Jean-Marie? Pikipiki yako inakunywa kwa beseni?"

"Koko, hivi vitu ndivyo vimeua mutoto. Tunavichoma."

"Vitu?" Koko alikaa chini, palepale mbele ya beseni, akanyoosha miguu. "Jibu kidogo, miye niko muzee ninasahau. Mwaka wa kuposa, nililipwa jogoo hapa?"

"Ulilipwa."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Nililipwa juu ya nini?"

Mke wa Jean-Marie, kutoka kwa akina mama waliokuwa wakipika, akajibu kwa niaba ya mumewe: "Juu ya kuficha bibi, Koko!"

"Ahaa. Na firigisi nani alikula?"

"Koko, ile ilikuwa utani."

"Firigisi nani alikula?"

"Ni miye."

"Ulitapika?"

"Hapana."

"Basi iko tumboni mwako mpaka leo. Ulikubali ni bibi, ulilipa ni bibi, ulikula. Sasa mume amekufa, unageuka unasema ni vitu?" Hapo sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu aliyefiwa. "Kwetu mume akikufa, bibi wake munawachoma?"

"Hapana, Koko."

"Munawazika na yeye?"

"Hapana."

"Munafanya nini?"

Jean-Marie akasema yale ambayo kila mmoja wetu anayajua: "Tunawaosha. Tunawafungua, waende kwa amani."

"Basi mimina hiyo takataka yako mbali, ulete maji."

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha uwanja wote, watu wakicheka na kulia pamoja kama mvua inayonyesha na jua. Laura aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yakatetemeka, halafu akalia kwa sauti. Tangu Jumatano alikuwa hajalia, na mama mkwe wake alikuwa akimwangalia kwa hofu. Beseni lilisuguliwa kwa majivu na sabuni, likajazwa maji. Jean-Marie mwenyewe alikunja mikono ya shati akawaosha mmoja mmoja, kama desturi inavyomtaka ndugu wa mume. Kila mmoja alimwambia, "Mume wako amekwenda, uko huru," na Koko Sifa akaitikia. Alipofika kwa wa tatu au wa nne, alimpindua kama marehemu alivyokuwa akisema, akasoma chini ya mguu. Akasema mwaka kwa sauti. Mmoja wa wale wawili wa chumba cha maombi, mama mwenye kitambaa cheupe, alisogea akaanza kuwakausha. Estelle alitoka mapajani kwa mama yake, akanawa mikono, akaja kuwapanga juu ya bati juani. Alitangaza kila rangi.

Emilienne hakufanya kitu. Alikaa chini mahali alipokuwa amesimama, na jiwe lile likatoka.

Baba mdogo Jean-Marie ndiye anayewasomea wasifu huu. Aliomba asome yeye, na akaomba habari ya jana isiondolewe. Anasema pia kwamba firigisi ile ilikuwa ngumu.

Wanawake wale, kwa kuwa wako huru, wamechagua kukaa kwa Estelle. Mtoto yeyote wa mtaa akitaka kuwaona aje, mmoja mmoja, na mikono iwe imenawa. Yule wa manjano wa kwanza hayumo kwenye rafu. Leo asubuhi Estelle alimfunga tena kwenye usukani wa pikipiki ya baba yake, uso mbele, naye ndiye aliyetangulia msafara kutoka nyumbani hadi hapa. Wenzake Gédéon wote walimfuata nyuma, polepole, na kwenye daraja wakashuka wakasukuma.

Gédéon ameacha mke wake Laura; binti yake Estelle; mama yake Emilienne; mdogo wake Magloire aliyeko Salamabila; baba yake mdogo Jean-Marie na jamaa wote; Koko Sifa wa Kabambare; Mzee Hemedi; wenzake wa pikipiki wa Kasongo na Kabambare; na bibi wakubwa, ambao wameoshwa, wakafunguliwa, na hawana kosa.

Na maneno ya mwisho ni ya mama yake: Mwanangu, hakuna kilichochomwa. Mtoto wako ameona kila kitu, na amecheka. Pikipiki yako imepanda mteremko, tumeisikia, chungu kiko motoni. Umefika. Shuka, upumzike.